Kiti cha Hifadhi

Chumba cha rufaa hakikuwa na dirisha. Kilikuwa na meza na viti viwili, na darini, pale ambapo watu wengine wangefunga taa, palikuwa na Sikio.

Semeni alilitambua mara moja. Lilikuwa sawa na lile la nyumbani kwake, kitufe cheupe kisichozidi kifuniko cha chupa ya soda. Ila hili lilikuwa na duara la mwanga wa kijani lililopanuka na kusinyaa taratibu, kama kitu kinachopumua usingizini. Akakaa, akaupakata mkoba wake. Ndani ya mkoba kulikuwa na michoro ya Zamoyoni, binti yake wa miaka sita, na mfuko mtupu wa unga ambao mtoto alikuwa ameujaza maswali kwa penseli, pembeni mwa maandishi ya kiwanda. Alikuwa ameubeba kama mwingine angebeba cheti.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mama Zamoyoni. Umetoka mbali?"

"Mtaa wa mwisho. Kule kwenye mabirika ya maji."

Afisa wa rufaa alikuwa mwanamke mtu mzima, mvi zimekatwa fupi, miwani inaning'inia kifuani. Jina lake lilikuwa Kemilembe, na watu waliomtangulia Semeni kwenye foleni walikuwa wamenong'onezana kwamba ni mtu mwema. Semeni alikuwa ameshikilia neno hilo tangu asubuhi.

"Nimekusikiliza mwanao," Kemilembe alisema. "Siku tatu nzima nimekaa nikimsikiliza. Anajua kuuliza, yule."

"Anauliza mpaka mimi nakimbilia jikoni."

"Kuna siku aliliuliza Sikio kama huwa linalala."

Semeni akatabasamu. "Lilimjibu?"

"Halijibu. Linasikiliza tu." Kemilembe akavaa miwani, na kwa namna alivyoivaa, Semeni akajua. "Nafasi za Kisimani zimejaa, mwanangu. Zilijaa kabla hujasimama kwenye foleni."

Shule ya Kisimani ilikuwa moja tu katika mji wote wa Mkata Mpya, na mji ulikuwa umefurika watu waliohamishwa bahari ilipoyameza mashamba ya delta. Watoto wengine wote walisoma mabandani, kila mmoja mbele ya kioo chake. Kioo kilifundisha vizuri. Kiliimba, kilirudia, hakikuchoka, hakikuchapa. Lakini Kisimani kulikuwa na walimu wanaopumua. Semeni mwenyewe alikuwa amesoma masomo ya jioni miaka miwili kwa mzee mmoja mstaafu, na siku aliyokosea hesabu, mzee yule aliweka chaki chini akamuuliza, "Kwa nini umefikiri hivyo?" Hakuna kioo kilichowahi kumuuliza hivyo. Kioo kilisema jaribu tena. Tangu siku hiyo aliapa kwamba mtoto wake ataulizwa.

"Lakini walisema Sikio litaona," alisema. "Walisema halihitaji mtoto awe na hela."

Ni kweli walisema. Zamani watoto walichujwa kwa mitihani, na mitihani ikawa ya wenye uwezo wa kulipia masomo ya ziada. Ndipo ikaamuliwa kwamba asipimwe mtoto, isikilizwe nyumba. Mwaka mmoja kabla ya shule, fundi alipita na kubandika Sikio ukutani. Lilisikia mtoto anazungumzishwa mara ngapi, nani anamjibu, nani anamnyamazisha. Halikuandika maneno yote. Lilipima, likapanga, likaweka alama. Watu waliliogopa wiki mbili za kwanza, wakawa wanaongea kwa adabu kama wako msikitini. Baadaye walilizoea wakarudia ugomvi wao.

"Limemwona," Kemilembe alisema. "Yuko juu sana. Tatizo ni kwamba wako wengine juu yake." Akajiegemeza mezani. "Kuna mlango mwingine."

Hakupunguza sauti. Humo ndani hakukuwa na faida ya kupunguza sauti.

"Kisimani huacha viti vichache kwa ajili ya watoto ambao Sikio limeona wako hatarini nyumbani. Vinaitwa viti vya hifadhi. Mwaka huu kimebaki kimoja. Na mwanao ana alama."

"Alama ya nini?"

Kemilembe akagusa meza. Sauti ikatoka mezani, tulivu, ya kikongwe, na Semeni akaijua kabla haijamaliza neno la kwanza.

*Njoo hapa, kibaya changu.*

*Hiki kitu nimekiokota jalalani, hakina mwenyewe.*

*Ukinisumbua nakurudisha jalalani, wakuchukue wenye jalala lao.*

*Wewe si wa humu ndani. Hakuna anayekutaka hata kidogo.*

Kicheko kilimtoka Semeni kabla hajakikamata. Ilikuwa sauti ya mama mkwe wake, Bi Sikudhani, na nyuma yake ilisikika sauti ya Zamoyoni akicheka mpaka anakwama pumzi.

"Mama, huyo ni bibi yake. Hiyo ni..."

"Subiri." Kemilembe aliinua kiganja. "Usiseme bado. Ukilisema humu, limesikika."

Semeni akafunga mdomo.

"Mimi kwetu niliitwa jina ambalo silitaji mbele ya wageni," afisa alisema polepole. "Najua. Lakini ninayejua ni mimi. Lenyewe halijui, na wewe hujalieleza. Lina namna ya kupima ukali wa sauti. Limepima, likaona bibi hapandishi sauti hata siku moja. Hilo ndilo lililozidisha alama. Limefunzwa hivi: anayemtukana mtoto kwa hasira, hasira itaisha. Anayemtukana kwa upole, huyo ndiye wa kuogopwa."

Mwanga wa darini ulipanuka, ukasinyaa.

"Atafanywa nini?"

"Hafanywi kitu. Hakuna polisi, hakuna kesi. Atabaki nyumbani kwenu, atampikia mjukuu, atamwogesha. Unajua vipuli wanavyovaa watoto wa Kisimani sikioni?"

Kila mtu alivijua. Vilikuwa vidogo kama punje ya mchele. Vilimsaidia mtoto kumsikia mwalimu hata darasa likiwa na kelele.

"Kipuli kitafundishwa sauti ya bibi, kisha kitaizuia. Mtoto atamwona, atashikwa mkono naye. Ila sauti haitamfikia."

"Mpaka lini?"

"Kipuli hakivuliwi mpaka amalize shule."

Semeni aliutazama mkoba wake.

"Ukitaka kupinga, pinga sasa," Kemilembe alisema. "Alama itafutwa, mtoto ataenda mabandani pamoja na wenzake, na kiti nitampa mwingine. Ukinyamaza mpaka kesho adhuhuri, alama itajithibitisha yenyewe." Akavua miwani. Macho yake yalikuwa yamechoka, na yalikuwa mema kweli, kama watu walivyosema. "Na ukinyamaza hujadanganya. Hujasema neno."

Semeni alifungua mdomo. Maneno yalikuwa tayari, mafupi, ya kweli: *huo ni utani tu*. Duara la darini lilipanuka kana kwamba linayapokea.

"Ahsante, mama," alisema, akainuka.

*

Alimkuta Zamoyoni na bibi yake wamekaa barazani, ungo katikati yao, wanapeta mchele.

"Nani kakwambia mchele unapetwa hivyo?" Bi Sikudhani alikuwa akisema. "Unanimwagia wote. Jicho kama la bundi."

"Bundi wewe."

"Mimi bundi? Haya. Nitakuja kukaa juu ya bati lako, usije ukalia."

"Nitakurushia kandambili."

"Kandambili yenyewe nimekununulia mimi. Toka hapa, mke mwenzangu, umekuja kunimaliza tu. Nimekuokota jalalani mzima mzima, sasa waniita bundi."

Zamoyoni alicheka, akajitupa mapajani mwa bibi, na bibi akamsukuma kwa mkono mmoja huku kwa mkono mwingine akimshika asianguke.

Juu ya mlango, Sikio la nyumbani lilikuwa limetulia, jeupe, halina mwanga.

"Mama, punguza," Semeni alisema.

"Nipunguze nini?"

"Hayo maneno."

Bi Sikudhani akamtazama mkamwana wake kwa jicho la pembeni, akaendelea kupeta.

Kabla ya Zamoyoni kulikuwa na wawili, wavulana wote, na hakuna aliyefika kutambaa. Zamoyoni alipozaliwa, Bi Sikudhani hakumwacha anyonye hata mara mbili. Alimchukua asubuhi, akamlaza kwenye jalala nyuma ya nyumba juu ya jani la mgomba, akaondoka bila kugeuka. Jirani akapita, kama mtu aliyepita kwa bahati tu, akasema kwa sauti, "Kumbe kuna kitoto hapa. Cha nani?" Na Bi Sikudhani akajibu kutoka uani, "Hakina mwenyewe. Takataka tu." Jirani akamwokota, akaja naye mlangoni, akamuuzia Semeni mwanawe mwenyewe kwa pishi ya mchele. Hivyo ndivyo walivyofanya watu wa delta tangu zamani, ili kile kilichowachukua waliotangulia kikipita kutafuta mtoto, kikute takataka, kiende zake. Na takataka haisifiwi. Kwa miaka sita hakuna mtu katika nyumba ile aliyetamka kwamba Zamoyoni ni mzuri.

Semeni hakuamini mambo hayo. Masomo ya jioni yalikuwa yamemfundisha juu ya maji ya chumvi na homa za watoto wachanga, na alielewa ni nini kilichowachukua wanawe. Lakini hata yeye, akimpaka mwanawe mafuta baada ya kumwogesha, alimtazama akameza neno.

"Wamesemaje huko?" Bi Sikudhani aliuliza. Mtoto alikuwa ameingia ndani kunywa maji.

"Nafasi zimejaa."

"Umewaambia anasoma mifuko ya unga?"

"Nimewaambia. Nimewaonyesha."

"Umewaambia alinisomea dawa yangu, akanikataza kumeza vidonge viwili?"

"Mama, nimewaambia yote."

"Basi kuna kitu." Kikongwe alisogeza ungo. "Una uso wa mtu aliyeficha kitu. Mwanangu ana uso huo huo, ndiyo maana mkapatana."

Semeni alikaa chini. Alikuwa amepanga njiani kusema yote, na alianza kweli kusema.

"Ni Sikio, mama. Limesikia unavyomwita."

Hapo akasimama. Yalikuwa yamebaki maneno mengine, na hayo ndiyo yaliyokuwa na uzito: kwamba yale matusi hayakufunga mlango, yalikuwa yameufungua. Aliyatafuta, na kila alipoyashika yakawa yanauliza, *na wewe umejibu nini?*

Mikono ya Bi Sikudhani ilitulia juu ya mchele.

"Ni mimi, basi."

"Sikusema hivyo."

"Umesema, mwanangu. Hukumaliza tu." Alichagua jiwe moja kwenye mchele, akalitupa uani. "Mdomo wangu umemnyima shule."

Semeni angeweza kumkatiza hapo. Alijua, hata wakati ule, kwamba hapo ndipo mahali pake. Akanyanyuka kwenda kuwasha jiko.

Alimpigia mumewe jioni. Shamte alikuwa mbali, kwenye mashamba ya umeme wa jua huko Singida, akisugua vumbi kwenye vioo vya umeme, na upepo ulipiga ndani ya simu. Alimsikiliza mpaka mwisho. Kwa nyuma Semeni alisikia wenzake Shamte wakiitana kwa chakula.

"Ni mama yangu," hatimaye alisema.

"Najua."

"Na ni mtoto wangu."

"Najua, Shamte."

"Wewe ndiye uliyeko hapo. Fanya unavyoona."

Semeni aliishusha simu akaitazama. Alimwonea huruma, na pia, kwa mara ya kwanza tangu waoane, alimwona mwoga.

*

Asubuhi aliamshwa na sauti ambayo hakuijua.

Ilikuwa sauti ya mwanamke, ya taratibu na ya adabu, kama ya mtu anayetoa maelezo ofisini. Semeni alidhani mgeni ameingia. Alijifunga kanga akafungua mlango wa chumba.

Bi Sikudhani alikuwa amesimama mbele ya Sikio. Alikuwa ameoga, amevaa gauni la sikukuu na ushungi uliopigwa pasi. Mikono yake ilishikana mbele.

"Zamoyoni binti Shamte ni mzuri," alikuwa akisema. "Nimesema. Ni mzuri wa sura, ana kope za babu yake. Ana akili. Kusoma hakufundishwa na mtu, amejifundisha mwenyewe kwenye mifuko. Ana huruma pia. Juzi nilikuwa na baridi, akanipikia chai akasahau majani. Akaniletea maji ya moto na sukari, akaniambia, bibi, hii ni chai nyeupe. Nikanywa yote."

Akavuta pumzi. Semeni alimwona akitupa jicho dirishani, kisha mlangoni, kama mtu anayeongea jambo la hatari barabarani.

"Haya sijapata kuyasema tangu azaliwe. Yale mengine yote yalikuwa utani wa kumkinga. Nampenda kuliko nilivyompenda baba yake. Mpeni shule. Na kama kuna kingine kinachosikia zaidi yako wewe, kije kinichukue mimi, mimi nimeshaishi."

Kitufe cheupe juu ya mlango kikawaka njano.

Bi Sikudhani akarudi nyuma hatua moja. Mwaka mzima kitu kile hakijawahi kuwaka.

"Nimesikia maelezo yanayopingana na yaliyotangulia," Sikio lilisema. Sauti yake haikuwa ya mwanamume wala ya mwanamke, na ilikuwa na heshima nyingi. "Mama mzazi yupo. Mama mzazi athibitishe. Maneno yaliyotangulia ya msemaji huyu yalikuwa mzaha? Jibu ndiyo, au hapana. Pasipokuwa na jibu, alama itafutwa."

Kikongwe aligeuka akamwona mkamwana wake mlangoni. Uso wake ulikuwa umelowa, na ulikuwa umejaa furaha kama ya msichana.

"Limenijibu, Semeni. Umesikia? Nimeliambia na limenijibu. Sema ndiyo, mwanangu."

Kemilembe alikuwa amesema ukinyamaza hujadanganya. Semeni alikuwa amelala juu ya maneno hayo usiku kucha, yakambeba vizuri. Sasa kitanda hicho kiliondolewa chini yake. Alifikiri juu ya safu za mabanda, watoto wametazama mbele, kila mmoja na mwanga wake wa buluu usoni, wanaambiwa jaribu tena, jaribu tena. Alifikiri juu ya chaki ikiwekwa chini. Akamtazama mwanamke aliyemkanda tumbo alipojifungua mara tatu, na mara mbili akamsaidia kuzika.

Mwanga wa njano ulianza kupepesa.

"Hapana," alisema.

"Hapana nini?" Bi Sikudhani aliuliza.

"Ahsante," Sikio lilisema, na mwanga ukawa kijani. "Alama imethibitishwa. Nafasi ya mtoto Zamoyoni Shamte katika Shule ya Kisimani imethibitishwa. Hongereni."

Kisha likazima, likawa kitufe tu.

Bi Sikudhani alitafuta kiti kwa mkono bila kukitazama, akakaa. Semeni alipiga magoti mbele yake na kumweleza kila kitu, kuanzia kiti cha hifadhi mpaka kipuli. Alieleza haraka, bila kulia, kwa sababu alijiona hana haki ya kulia. Mama mkwe alisikiliza huku akiukunja na kuukunjua upindo wa ushungi wake.

"Kwa hiyo mimi ndiye hatari," alisema Semeni alipomaliza.

"Kwa Sikio, mama. Si kwangu."

"Lilikuuliza wewe."

Nje jirani alikuwa anafagia. Mlio wa ufagio ulikuja, ukaenda, ukaja.

"Ungeniambia jana," Bi Sikudhani alisema. "Ungekaa pale kwenye ungo ukaniambia, mama, wanataka sauti yako ndipo wampe mtoto kiti. Ningekupa. Nisingelala juu yake. Mimi ni mzee, Semeni, nitaifanyia nini sauti?" Alimtazama, na hakukuwa na ukali machoni mwake. Kulikuwa na mshangao tu, kama wa mtu aliyekuta mlango wake umevunjwa na mwenye ufunguo. "Nilikuwa nakupa. Wewe ukaona bora uibe."

Pazia la chumbani likasogea. Zamoyoni alitoka anapikicha macho, gauni la kulalia limegeuzwa nje ndani.

"Bibi, nani huyo ulikuwa unamsema mzuri?"

Bi Sikudhani alifuta uso kwa ushungi.

"Mtoto wa jirani," alisema.

"Ananizidi mimi?"

"Mbali kabisa. Kwanza yeye hakuokotwa."

Zamoyoni aliridhika. Akaenda kumkalia mapajani.

*

Kipuli kiliwekwa Jumatatu, na hakikuuma. Fundi wa Kisimani alimwambia Zamoyoni afumbe macho, akahesabu, na mtoto alipofumbua aliuliza kama wameshaanza. Fundi alimtania, akamwonyesha jinsi ya kugeuza kichwa apate sauti iliyo mbali. Kisha akamwambia Semeni kwamba kitu hiki hakimsaidii mtoto kusikia tu, nacho husikiliza, na sauti yoyote mpya itakayosema maneno kama ya bibi itazuiwa pamoja na yake. Alisema hivyo kwa wema, kama mtu anayesoma maelekezo ya dawa.

Walikwenda shuleni watatu. Bi Sikudhani alikuwa amekataa kubaki. Njiani hakusema neno, alimshika tu mjukuu wake mkono, na Zamoyoni, aliyekuwa na habari nyingi, hakuona kitu. Sare yake ilikuwa kubwa, mikono imekunjwa mara mbili. Alitaka kujua kama mwalimu anayepumua hupiga chafya. Alitaka kujua kama mtu anaweza kumwuliza swali wakati anakula.

Kwenye lango la Kisimani walimu walikuwa wamesimama, watu kabisa, mmoja ana chaki kwenye sketi. Semeni alimwona akiinama kumsikiliza mtoto mmoja mdogo aliyekuwa akieleza jambo refu, hamkatizi, anatikisa kichwa. Hicho ndicho alichokitaka. Kilikuwa pale, hatua chache, kinamngoja mwanawe.

Bi Sikudhani aliinama taratibu, akishika kiuno, mpaka uso wake ukawa sawa na wa mtoto.

"Haya nenda, kibaya changu," alisema. "Wenye shule yao wakikuona ulivyo watakutupa kabla ya adhuhuri. Wakikutupa, usilie. Kaa hapo hapo kwenye takataka, mimi nitapita nikuokote. Nimeshakuokota mara moja, najua njia."

Zamoyoni alimtazama kwa makini. Alikitazama kinywa cha bibi kikifunguka na kufungika, akasubiri. Kisha akamgeukia mama yake.

"Mama, Bibi anatafuna nini?"

Semeni alikuwa ameyasikia maneno yote. Alikuwa nayo kinywani, lilibaki suala la kuyapitisha tu, neno kwa neno, kutoka kwa mmoja kwenda kwa mwingine. *Kibaya changu. Nitapita nikuokote.* Kwenye nguzo ya lango, kitufe cheupe kilikuwa kinapumua kijani. Kwenye sikio la mwanawe, punje ya mchele ilikuwa inangoja sauti mpya.

"Bibi anasema usome vizuri," alisema.

"Sikusema hivyo," alisema Bi Sikudhani.

Alisema kwa sauti ya kawaida, bado ameinama, uso wake karibu kabisa na wa mtoto. Zamoyoni aliona midomo ikicheza tena, akadhani ndio mchezo wenyewe. Akafunga mdomo wake, akaanza na yeye kutafuna, taya juu, taya chini, sawasawa na bibi yake, mpaka akacheka. Kisha akauachia mkono wa bibi, akaingia ndani.